Goti la Bwana Dykstra

Saginaw, Michigan
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Sauti iliyobaki kwangu kutoka siku waliyokuchukua ni kucha za mbwa juu ya sakafu ya jikoni. Si kilio cha Bibi, wala mlango uliovunjwa. Mbwa wa polisi alitembea taratibu kati ya meza na jiko, tk, tk, tk, kama mgeni anayetafuta pa kukaa, nami nilikuwa chini ya meza na bakuli langu la nafaka na maziwa, nina miaka minane. Jana nilipiga deki sakafu hiyo hiyo nikaisikia tena. Safari hii sikujificha. Nilikuwa naisafisha kwa ajili yako.

Sasa salamu, maana Bibi anasema barua isiyo na salamu ni hati ya polisi. U hali gani, Baba? Kile kikohozi kimekuacha? Wameshawasha mabomba ya joto huko juu kaskazini, au bado mnalala na kofia? Sisi tu wazima kwa kadiri yetu. Kiwanda cha sukari kimeanza kuchemsha biti, ile mizizi ya sukari, na mji mzima unanuka udongo. Saratani ya Bibi haijalala; imeshuka kutoka nyonga hadi paja. Lakini maneno anayo. Amesema nikuandikie kwamba ukirudi umenenepa atakuuza buchani.

Habari yenyewe ni hii. Amepiga simu Bwana Dykstra, afisa wa parole wa upande wetu, msimamizi wa wafungwa wanaoachiliwa kwa masharti. Bodi imekubali. Nairudia kwa sababu nilimfanya na yeye airudie: Bodi imekubali, Baba, kwa sharti kwamba nyumba utakayofikia ikaguliwe na ipite. Atakuja Alhamisi, tarehe kumi na saba. Nikamuuliza anatafuta nini, akanisomea kwa sauti ya mtu aliyechoka kusoma: kusiwe na bunduki, kusiwe na pombe, kusiwe na dawa za kulevya.

Basi tumeshughulika. Bunduki ya Babu ya kuwindia kulungu nimempelekea Shemasi Tolliver, akaipokea kwa furaha kubwa mno kwa mtu anayedai ananisaidia, maana msimu unafunguliwa mwezi ujao. Ile brandi ambayo Bibi huificha nyuma ya unga wa mahindi na kuiita "ya keki" nimeimwaga kwenye sinki, naye amesimama nyuma yangu kama yuko kaburini. Dawa za kulevya hatuna. Bibi aliposikia hilo alicheka hadi akashika ubavu.

Kila Ijumaa namnunulia dawa zake pale kona, ilipokuwa gereji ya matairi. Unapakumbuka, ndipo walipokusimamisha wakafungua buti la gari lako wakakuta bangi, kabla ya kuja kuvunja mlango wetu. Sheria ilipobadilika, mimi nikiwa chuoni, pakageuzwa duka la bangi. Lina vioo hadi chini na viti vya ngozi, na msichana wa kaunta ana shahada ya kilimo. Nanunua mafuta ya kupaka na matone ya chini ya ulimi, napewa risiti, natoka. Jaji alisema yako ni mara ya tatu akakupa miaka arobaini, na mimi nabeba yangu katika mfuko wa karatasi wenye picha ya jua. Siku za kwanza nilikuwa natetemeka. Sasa sitetemeki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini Bibi akipakwa, mikono yake hufunguka. Anashika kikombe. Anaongea nami akiwa na akili zake zote. Kwa hiyo naenda.

Chumba chako nimekipaka rangi. Usiulize rangi gani, Bibi ndiye aliyechagua.

Binti yako,
Janelle


Gerezani
12 Oktoba 2024

Profesa wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama, bibi yako. Kikohozi kimekwisha, mgongo upo, meno yamebaki ya kutosha kwa nyama laini. Mabomba wameyawasha jana na sasa tunaokwa kama viazi. Barua yako imefika, yaani fotokopi yake imefika, maana siku hizi zile mnazoandika nyinyi wanazisaga na sisi tunapewa kivuli. Haidhuru. Mwandiko wako naujua hata kwenye kivuli. Herufi zimesimama wima kama watu wanaosubiri kuitwa majina.

Nilifika pale ulipoandika "Bodi imekubali", nikaiweka chini, nikaenda kunawa uso. Mzee Purnell wa kitanda cha chini akaniuliza, "Nani kafa?"

Nikamwambia, "Hakuna. Narudi nyumbani."

"Sasa mbona una sura hiyo?"

Sura imezoea.

Umefanya vizuri kuhusu bunduki. Tolliver atakuambia ameua kulungu. Usimwamini, yule bwana anaweza kukosa ghala akiwa ndani yake. Na brandi, pole yake Mama. Tazama pia kwenye kisanduku cha cherehani. Hukusikia kwangu.

Purnell ananiuliza nikifika nitaanza na nini, anataka niseme mbavu za kuchoma na wanawake. Nimemwambia nataka kukaa kiti cha dirishani Mama akinituma. Rodell, leta kile. Si hicho, akili yako umeiacha wapi? Nina miaka hamsini na sita, na ninachotaka duniani ni kutumwa na mama yangu.

Daktari anasema nini kuhusu muda? Usinifiche. Ukiandika "saratani haijalala" unaandika kama mwalimu. Niandikie kama mtoto wangu.

Mwambie Mama awe mpole kwa huyo Dykstra. Asimchokoze. Amkaribishe kama anavyojua yeye, maana sijaona mtu aliyekaribishwa na Mama akatoka na neno baya.

Baba yako,
Rodell


Saginaw
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Baba,

Natumaini kifua bado kinakuheshimu. Bibi amejilaza, mimi ni mzima, na salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nikizirefusha nitakosa ujasiri.

Bwana Dykstra alikuja jana asubuhi. Mzungu mrefu wa makamo, masharubu ya mvi, anachechemea. Si mtu mbaya. Alifuta viatu mlangoni bila kuambiwa. Alitazama chumba chako, alifungua makabati, aliinama chini ya sinki, kisha akasema, "Nyumba nzuri, Bi. Pettway. Laiti zote zingekuwa hivi." Bibi alikuwa amevaa glavu zake nyeupe za kupokelea watu kanisani. Alimpa kahawa. Alimpa pai ya viazi vitamu, kipande kikubwa kuliko cha mchungaji. Kila kitu kilikuwa kimekwisha, Baba. Mkoba alikuwa ameshaufunga.

Akainuka, akashika goti, akasema, "Aah."

"Una nini hapo?" Bibi akauliza.

"Mchezo wa magongo ya barafuni, mama. Mambo ya ujana."

"Kaa."

"Nimeshachelewa, Bi. Pettway, nina nyumba nyingine—"

"Nimesema kaa. Nina mtoto wa rika lako. Kunja suruali."

Alicheka. Akakaa, akakunja suruali kama mtoto wa shule. Mimi nilikuwa nakausha vikombe, nimewapa mgongo. Nilisikia droo ikifunguliwa na sikufikiria chochote, kwa sababu droo ile hufunguliwa mara kumi kwa siku. Nilipogeuka Bibi alikuwa amevua glavu na anamsugua goti kwa mikono yake miwili.

"Unasikia joto linavyoingia? Tulia. Mimi bila mafuta haya siwezi hata kufunga kifungo. Shika, nenda nayo, ninalo kopo jingine."

Akamtia kopo mkononi. Akalisoma. Nilimwona akilisoma, na masikio yake yakawa mekundu.

"Hii ni bangi, Bi. Pettway."

"Ndiyo. Ya dukani. Halali kabisa. Janelle, mwonyeshe risiti."

"Najua ni halali."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Ni halali kwako. Ni halali kwangu, hata mke wangu anayo. Lakini si halali katika nyumba anayoishi mtu wa parole. Wala mtu anayeishi naye haruhusiwi kuitumia."

Bibi alimtazama, kisha akalitazama goti, lilikuwa linang'aa. "Basi nirudishie," akasema. "Nitakufuta. Tuseme hukuona."

"Lingekaa kwenye droo ningeweza kutoliona," alisema. Alisema polepole, na naamini ilimuuma. "Umenipaka, mama."

Amekubali jambo moja tu. Hataandika kwamba nyumba imeshindwa. Ataandika kwamba ukaguzi haujakamilika. Atarudi Alhamisi ya tarehe tano Desemba na vitambaa vya kupangusia meza na shuka vipelekwe maabara. Ikikutwa tena, faili lako linarudi Bodi, na Bodi haitalifungua kwa miaka miwili. Na hata ukishatoka atakuja bila kupiga simu. Kosa moja, unarudi kumalizia arobaini.

"Dawa za kulevya hatuna." Mimi niliandika, wewe ulisoma, Bibi alicheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Kwetu ilikuwa dawa tu.

Alipoondoka, Bibi alienda bafuni na makopo yake yote. Kifuniko cha matone kilimshinda vidole, akakifungua kwa meno. Nilitaka kumsaidia akanifungia mlango. Nilisikia maji. Alipotoka alisema, "Nimeiharibu nyumba ya mwanangu kwa kumpenda mgeni," na tangu hapo hajalitaja tena.

Uliniuliza kuhusu muda. Daktari anasema huenda asione theluji ikiyeyuka. Nimekuandikia kama mtoto wako.

Janelle


Gerezani
2 Novemba 2024

Profesa,

Salamu zangu kwenu. Mimi sijambo. Nimechelewa kujibu, na kosa si la posta.

Kwanza nilicheka. Lazima nikuambie ukweli. Nilimsomea Purnell, na yule mzee akacheka hadi akaomba aletewe maji. "Mama yako kampaka bangi askari! Gotini!" Sasa safu nzima inaniita Goti. Goti, umepata barua. Goti, chakula. Hata mlinzi mmoja juzi alisema, "Pettway, Goti, sogea." Mwambie Mama amekuwa maarufu. Mwambie hakuna hata mmoja humu anayemlaumu, na mimi wa mwisho kabisa. Mimi ndiye niliyesema amkaribishe.

Kisha kuna jambo jingine. Kwenye chumba cha televisheni walikuwa wanaonyesha mpira, likaingia tangazo la duka la bangi. Bwana mmoja aliyevaa suti, meno meupe, anasema njooni mapema kabla ya sikukuu. Watu wakaanza kupiga miluzi na kucheka. Tuko humo sita kwa bangi tu, mmoja alipanda mimea kwenye shamba la shangazi yake. Kicheko kikaendelea, kikapungua, kikakatika, na tukabaki tunamtazama yule bwana anavyotabasamu. Hakuna aliyebadilisha stesheni. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyesimama.

Sasa nakuja kwenye lile ninalolizunguka. Mwambie Mama avumilie. Ni mpaka tarehe tano. Hospitali si wana dawa nyingine? Wampe hizo. Mama yangu amebeba mambo mazito kuliko mifupa. Alizika mume, alinipoteza mimi nikiwa hai, akakulea wewe, mama yako alipotuacha, kwa mshahara wa kufua mashuka ya hoteli. Wiki hizi chache ataziweza. Nikifika nitambeba mwenyewe kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani.

Niambie anakula.

Baba yako


Saginaw
Jumapili, 17 Novemba 2024

Baba mpendwa,

U mzima? Purnell mzima? Huku theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Shemasi Tolliver amepita kutuambia amekosa kulungu mkubwa kwa kosa la miwani. Bibi alitabasamu. Ni mara ya kwanza wiki hii.

Hali. Anakula vijiko viwili vya mchuzi wa kuku, kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Mikono imejikunja. Shuka ikimgusa mguu anashtuka, kwa hiyo nimepindua kapu la nguo juu ya miguu yake ili shuka ipite juu. Alasiri ndiyo mbaya. Anaweka glavu ya kanisani mdomoni anaiuma, ili nisisikie nikiwa jikoni. Kumbe mimi nasikia jinsi asivyopiga kelele.

Uliuliza kuhusu dawa za hospitali. Zipo. Muuguzi anayekuja nyumbani ameleta mofini, na wiki iliyopita Bibi aliikubali. Maumivu yalienda, na yeye akaenda nayo. Aliniangalia kwa adabu kama mtu wa kituo cha basi, akaniuliza, "Wewe mrembo, ni mtoto wa nani?" Nikasema, wa Rodell. Akasema, "Rodell hana mtoto. Rodell yuko darasa la tatu," akaniomba nikamwite ndani, baridi itamuua. Mchana kutwa alikuita, Baba. Alipozinduka nilimweleza. Akasema, "Hiyo siitaki tena. Nataka akiingia mlangoni nimjue."

Kwa hiyo hana mofini na hana mafuta. Ana glavu.

Nimetafuta nyumba nyingine ya kukupokea. Nyumba ya muda ya wilaya imejaa na foleni yake inafika mwaka kesho. Mchungaji alikubali, lakini mwanawe ana bastola na hataiuza. Shangazi yuko Toledo, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, na Bodi haivuki mpaka. Niliuliza kama Bibi alazwe kwenye nyumba ya wagonjwa walio katika siku zao za mwisho ili wewe ukae hapa. Huko watampa mofini, na nyumbani hatoki. Amesema kitanda hiki alikinunua mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo katika barua yako uliliruka, nami naliona kila nikikaa naye. Tarehe tano si mwisho. Ukiwa hapa, sharti liko hapa. Utambeba hadi dirishani, ndiyo, na ukimgusa atauma glavu. Mpaka siku yake ya mwisho, kwa sababu wewe upo ndani ya nyumba.

Nilimwambia hivyo. Sikumwambia kwa ukali. Akasema nikuandikie maneno yake kama yalivyo, naandika: "Rodell, usimsikilize huyu msomi. Mimi nimekusubiri tangu hajaota meno ya mbele. Mfupa ni mfupa. Njoo. Mama yako."

Mimi nimeacha masomo yangu ya udaktari wa historia nikaja hapa kwa sababu nilidhani kazi yangu ni kufungua mlango pande zote mbili: wewe uingie, yeye akuone. Sasa siujui mlango huu. Niambie nifanye nini, Baba. Sema wewe. Yeye ni mama yako kabla hajawa bibi yangu.

Binti yako


Gerezani
Jumatano, 27 Novemba 2024

Janelle,

Salamu. Walitufungia vyumbani siku nyingi kwa ugomvi wa watu wengine, ndiyo maana kimya. Kesho ni Sikukuu ya Shukrani na tunaambiwa kutakuwa na bata mzinga. Kila mwaka tunaambiwa hivyo, na kila mwaka unakuja mkate wenye mchuzi.

Barua yako nimeisoma nikaificha chini ya godoro kama kitu cha magendo.

Nilianza kukuandikia, mpe dawa yake. Niliandika kabisa na saini nikatia. Asubuhi niliichana. Siwezi, mwanangu. Unaniomba niushike mlango wangu mwenyewe niufunge. Ningekuwa mwanamume unayemfikiria ungepata barua ile. Huyu ndiye unaye.

Nataka kumwona Mama. Nasema hivyo nikiwa nimeelewa kila ulichoandika, kapu na glavu na yote. Nataka aniite mjinga kwa sauti yake. Akifa mimi niko humu, hawatanipeleka kwenye mazishi. Nitapewa dakika za simu na kasisi atakuja na uso wake. Nimeona wenzangu wakirudi kutoka chumba kile cha simu. Hawarudi wakiwa kamili.

Kwa hiyo nasema vumilieni. Yeye mwenyewe amesema njoo. Mtu mzima amesema, na mimi nimekubali. Hatuko wawili sasa? Zimebaki siku chache tu. Usifanye kitu, Janelle. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu. Usifanye kitu chochote, kaa tu.

Nisamehe kwa kuuliza tena, anakula?

Baba yako


Saginaw
Jumanne, 3 Desemba 2024

Baba yangu,

Natumaini barua hii imekukuta ukiwa umekaa, na Purnell yuko karibu. Mimi sijambo kimwili. Bibi yu hai.

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliisomea jikoni, peke yangu, nikiwa nimesimama. Sikuona mwanamume mdogo ndani yake. Nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu waliofungwa, nimeviandikia hata insha zilizosifiwa, na katika vyote hakuna aliyeniambia ukweli ulionyooka kama huu wako: nataka kumwona Mama. Kama ungesema mpe dawa, ningeifanya kwa amri yako na maisha yangu yote ningesema ni wewe. Hukunipa pa kujificha. Ulisema tuko wawili, na ni kweli mlikuwa wawili. Lakini aliyekuwa chumbani alasiri ile ni mimi.

Jumapili ilikuwa hivi. Kina mama wa kanisani walikuja baada ya ibada na sahani za sikukuu, wakasimama mlangoni mwa chumba chake kwa kofia zao, wakaimba ubeti mmoja. Alijitahidi kuinua mkono kuwapungia, ukagonga lile kapu. Sauti aliyoitoa, Baba, sitaiandika. Dada Earline alishika fremu ya mlango. Waliacha sahani wakaondoka bila kuaga, watu ambao huaga kwa nusu saa.

Akasema, "Wameniona."

Nikamwambia, "Ndiyo, Bibi."

"Wamekimbia."

"Ndiyo."

Nikavaa koti nikaenda kona. Duka huwa wazi Jumapili. Msichana wa kaunta alisema, "Tulidhani umehama!" Nikasema hapana. Nilirudi, nikakaa kitandani, nikafungua kopo mbele ya macho yake, sikumficha. Harufu yake aliijua. Alitazama kopo, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, macho yake yale ya kunihesabia makosa.

"Rodell je?" akauliza.

"Rodell hatakuja, Bibi. Nikikupaka hii, hatakuja."

Nilisema waziwazi kwa sababu nilitaka awe na nafasi ya kukataa. Ningefunga kopo. Nakuapia kwamba ningelifunga. Alilia kidogo, kwa upande mmoja wa uso, kama mtu ambaye hana nguvu ya kulia kote. Kisha akaunyosha mkono wake juu ya shuka, kiganja juu, akaniwekea.

Nilimpaka mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha paja, polepole, mpaka vidole vikaachiana kimoja kimoja. Nilimwekea matone. Akasema, "Mwambie nilikataa. Mwambie ulinipaka nimelala."

Nimemwambia nitakwambia hivyo. Sikuambii hivyo. Umedanganywa na watu wengi kwa miaka kumi na minane, na mimi sitaki kuwa miongoni mwao. Hakukataa, Baba. Alichoka. Alikungoja kwa mwili wote aliokuwa nao, na mwili ukaisha kabla ya siku. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi, nina umri wa kuibeba hasira hiyo.

Jana amekula yai zima. Ametaka picha yako ile ya mahafali ya sekondari iletwe kwenye meza ya kitanda, kisha akasema shati lako lilihitaji pasi, kwamba alikwambia siku ile ile na hukusikia. Amenituma mara tisa. Leta kile. Si hicho. Natamani ungesikia. Akiwa hivi, anakukumbuka wewe mkubwa, si wa darasa la tatu. Anakujua. Hatakuona, lakini anakujua, na hilo ndilo nililoweza kuliokoa kati ya yote mawili.

Nitakuja huko juu barabara ikisafishwa theluji. Nitamwacha Dada Earline na Bibi siku hiyo, nitavuka daraja la kuja huko kaskazini, nitaketi mbele ya kile kioo. Kama hutaki kutoka kuniona, nitakaa mpaka saa za kutembelea ziishe kisha nitarudi nyumbani, na mwezi mwingine nitakuja tena.

Bwana Dykstra hatakuja Alhamisi. Nilimpigia simu jana asubuhi, Bibi akiwa bado amelala na mikono imefunguka, nikamwambia dawa imo ndani ya nyumba na haitatoka. Aliniuliza kama naelewa maana yake kwako. Nikasema naelewa. Akaniuliza kama nataka siku mbili za kufikiri. Nikasema hapana, na nikamtajia jina langu lote aliandike.

Binti yako,
Janelle